Flashi ya majasusi kutoka duka la muvi Mwanga, Kigoma: makala 14 kwa elfu kumi, inalipa?

Duka silitaji jina, ugomvi wetu tumeshaumaliza japo bado namdai jamaa faili moja, ila kama uko Kigoma ukashuka daladala pale Mwanga sokoni ukaona maduka ya kurusha muvi, spika iko nje inapiga singeli na mlangoni kuna bango la mzungu kashika bunduki mbili, basi ni mojawapo ya hayo. Nilienda kwa ajili ya mjomba. Mjomba ni mwalimu mstaafu anakaa Ujiji, muvi za ngumi hataki, tamthilia za Kikorea ndio kabisa anasema zinamuumiza kichwa, yeye ni taarifa ya habari na makala basi, na tangu redio yake ianze kukoroma amekuwa mkali nyumbani, hata mkaa ukichelewa kushika moto anauliza nani kahujumu.

Nikamuuliza muuzaji, bro una makala za kiserikali serikali hivi, za majasusi? Akasema folda nzima ninayo, wanavyouana huko duniani, mtu kaikimbia serikali yake kaenda kujificha nchi ya watu, wanamfuata wanammalizia hukohuko halafu wanasema hatujui kitu. Makala 14, zote zimetafsiriwa Kiswahili, elfu kumi ukija na flashi yako. Sasa muvi moja pale ni jero, kwa hesabu ya haraka 14 ni elfu saba, nikamwambia, akanijibu makala si muvi kaka, makala ni elimu. Nikalipa.

Picha kwanza. Nyingi ni safi, tatu nne hivi ziko kati, na moja ni chenga tupu inaonekana ilirekodiwa kwenye tivii nyingine maana kuna sehemu unaona kabisa kichwa cha mtu kinapita mbele. Majina ya mafaili nimeyapenda, muuzaji kayaandika mwenyewe: URUSI CHAI, KOREA EAPOTI, SAUDIA UBALOZI, MWAVULI, BAISKELI BERLIN. Hakuna mpangilio wa miaka, ya 1978 iko chini ya ya 2019, unaanza unapotaka.

Mtafsiri ndio roho ya hii bidhaa. Ni wale wa kuongea juu ya picha, anachekesha, anauliza maswali anajijibu mwenyewe, na kila akifika kwenye msemaji wa serikali anabadilisha sauti inakuwa nzito ya mtu aliyeshiba, "sisi hatuhusiki, hizo ni porojo za maadui," hiyo sauti mjomba alicheka mpaka akatoka nje kukohoa. Shida yake ni kwamba asichokielewa anakijazia. Kwenye URUSI CHAI kaanza kusema sumu ya panya na kaenda na sumu ya panya mpaka mwisho, wakati ukisikiliza Kiingereza kinachosikika kwa chini unagundua hiyo ni hatua ya mwanzo tu, madaktari walidhani ni thaliamu ambayo kweli zamani iliwahi kutumika kuulia panya, baadaye ndio ikajulikana ni kitu kingine kabisa. Ikabidi nimsimulie mjomba mwenyewe, kwa hiyo na nyie nawasimulia maana hapa ndipo utamu ulipo.

Alexander Litvinenko alikuwa ofisa wa FSB, usalama wa Urusi, akawageuka, akakimbilia Uingereza akapewa na uraia. Tarehe 1 Novemba 2006 akakutana na Warusi wawili, Andrei Lugovoi na Dmitry Kovtun, kwenye baa ya Hoteli ya Millennium katikati ya London, akanywa mafunda machache ya chai ya kijani iliyokuwa imeshapoa. Tarehe 23 akafa, nywele zote zimetoka. Kilichomuua ni poloniamu-210, na walioithibitisha walifanya hivyo saa chache tu kabla hajakata roho. Ujanja wake ni kwamba mionzi yake ya alfa haipenyi hata karatasi wala ngozi, unaibeba kwenye kichupa mfukoni huna habari na vipimo vya kawaida vya mionzi hospitali havishtuki, ila ikishaingia tumboni inakutafuna kutoka ndani. Na ndio hiyohiyo iliyowaumbua, maana walipoanza kuitafuta kwa vifaa vyenyewe wakaikuta kila walikopita wale jamaa wawili, mahotelini, kwenye viti vya ndege, na birika lenyewe la chai lilikuwa limeoshwa linaendelea kuhudumia wateja wengine kwa wiki kadhaa. Mjomba aliposikia la birika akaweka kikombe chake chini. Nilimwona.

Sasa swali lake lilikuwa zuri, akasema mwanangu, kama unataka kumuua mtu kimyakimya si ungetumia kisu wadhani vibaka? Hiki kitu hakichemshwi uani kwa mtu, kinatoka kwenye kinu cha nyuklia. Nikamwambia ndio hivyo mjomba. Urusi wakakana, wakagoma kuwatoa watuhumiwa kwa sababu katiba yao hairuhusu kumkabidhi raia, Lugovoi mwaka uleule wa 2007 Waingereza walipomshtaki akaingia bungeni akapata na kinga, na mwaka 2015 Putin akampa nishani. Uchunguzi wa jaji Robert Owen ukatoka Januari 2016 ukasema ilikuwa operesheni ya FSB na yaelekea ilibarikiwa na mkuu wa FSB wa wakati ule, Patrushev, na Putin mwenyewe. Mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu nayo 2021 ikasema Urusi inahusika. Jibu la Moscow ni lilelile. Mjomba akakaa kimya kidogo akasema hawakani ili uwaamini, wanakana ili usiwe na pa kuwashika. Wale wengine waliokimbia, kila mmoja huko alipo, wameshaelewa.

Kwa hilo tu nikaona elfu kumi yangu imerudi.

Tukaingia SAUDIA UBALOZI na hapa ndipo ugomvi ulipoanzia. Jamal Khashoggi, mwandishi wa habari wa Saudia aliyehamia Marekani, tarehe 2 Oktoba 2018 saa saba mchana na dakika kama kumi na nne anaingia ubalozi mdogo wa nchi yake Istanbul kufuata karatasi ya kumwezesha kuoa, mchumba wake yuko nje anamsubiri. Hakutoka. Kumbe siku hiyo watu 15 wameingia kutoka Riyadh, wengine kwa ndege binafsi, kati yao daktari wa kupasua maiti, na mmoja mwenye mwili kama wake akavaa nguo za marehemu akatokea mlango wa nyuma ili kamera zimwone kama Khashoggi kaondoka, ila viatu vikamshinda, kavaa raba zake alizokuja nazo. Mwili mpaka leo haujaonekana. Basi siku chache baadaye balozi mdogo anawatembeza waandishi wa habari ndani, anawafungulia makabati waone hamna mtu, yaani anafungua kabati kabisa kama mtu aliyepoteza paka, na palepale kwenye kabati picha ikaganda. Faili limekatika. Nusu nzima haipo.

Kesho yake nikapanda daladala kutoka Ujiji nikaenda dukani. Nisikilizeni vizuri hapa.

Kwanza akasema hukununua kwangu. Nikamwonyesha majina ya mafaili, nani mwingine Kigoma hii anaandika EAPOTI namna ile. Akaangalia. Akasema sawa ulinunua kwangu lakini lilitoka zima, tivii yenu ndiyo haisomi, tivii za Kichina zina tabia hiyo. Nikachomeka flashi kwenye kompyuta yake mwenyewe, ikaganda palepale kwenye kabati. Akakuna kichwa akasema basi huyu ni kijana wa zamu, alirusha harakaharaka bila kunishirikisha, na nimeshamchukulia hatua. Kijana wa zamu yuko nyuma yake anakula mihogo ya kuchoma.

Nikabaki nacheka peke yangu na jamaa akawa ananishangaa, maana usiku ule nilikuwa nimeshajisomea kwenye simu hiyo nusu iliyokatika, na Riyadh walipita njia ileile hatua kwa hatua. Kwanza mtu katoka salama, mwanamfalme Mohammed bin Salman mwenyewe aliwaambia waandishi alitoka baada ya muda mfupi. Uturuki ikaanza kuvujisha kidogokidogo, ina sauti zilizorekodiwa mle ndani. Siku kama 18 baadaye ikawa loh, alifariki lakini ni ugomvi, walipigana ngumi humo ndani, mzee wa karibu miaka 60 kapigana ngumi na watu 15. Siku tano mbele mwendesha mashtaka wao akasema ilipangwa. Halafu ikawa vijana wa zamu, maofisa walijiamulia wenyewe bila kutumwa. Wakahukumiwa watu wanane Riyadh, milango imefungwa, watano adhabu ya kifo ambayo 2020 ikageuzwa kifungo cha miaka 20, na mshauri mkubwa wa mwanamfalme, Saud al-Qahtani, alichunguzwa lakini hakushtakiwa. Mchunguzi wa Umoja wa Mataifa Agnès Callamard alishasema 2019 kwamba dola ndiyo inawajibika, na Februari 2021 ripoti ya usalama wa Marekani ikasema mwanamfalme aliidhinisha. Yeye anakataa, anasema anabeba lawama kama kiongozi maana yametokea chini yake, ila hakuagiza.

Jamaa akaniahidi atanitafutia faili zima, siku ile intaneti ilikuwa chini. Wiki ya tatu sasa.

Zilizobaki. KOREA EAPOTI ni fupi na imetafsiriwa vizuri kuliko zote. Kim Jong-nam, kaka wa kwa baba wa mkubwa wa Korea Kaskazini, Februari 2017 yuko eapoti ya Kuala Lumpur anataka kusafiri, wasichana wawili, Mwindonesia na Mvietnamu, wanampaka kitu usoni, dakika chache anasema nisaidieni, kafia njiani kwenda hospitali. Ni VX, sumu ya neva ambayo iko kwenye orodha ya silaha za maangamizi. Wasichana wanasema waliambiwa ni mchezo wa kuchekesha wa kurekodi video, wakalipwa vihela, wakakaa ndani miaka miwili mpaka 2019 wakaachiwa, na Wakorea wanne waliowapanga walipanda ndege siku ileile. Hapo ndipo nikaona akili ya kishetani ya hii biashara, aliyeshika sumu hajui ameshika sumu, hata ukimbana hana cha kukwambia. Na kukana kwao hakuhitaji hata jasho: pasipoti imeandikwa Kim Chol, basi aliyekufa ni Kim Chol, ni moyo tu umesimama, tupeni maiti yetu. Malaysia ikagoma, Pyongyang ikawazuia Wamalaysia tisa wasitoke nchini, mwisho wakabadilishana, maiti kwa watu tisa. Mtafsiri hapo kasema "hii sasa ni bei ya jumla."

MWAVULI ndiyo ile yenye chenga, Georgi Markov, Mbulgaria mtangazaji wa BBC, alichomwa mguuni, inasemekana kwa ncha ya mwavuli, pale daraja la Waterloo London 1978, kipira kisichofika milimita mbili chenye sumu ya risini, akafa siku nne baadaye. Hadithi nzuri lakini kile kichwa kinachopita mbele ya picha kiliniudhi nikashindwa kufuatilia. Ya Salisbury, Uingereza, 2018 nayo ipo, sumu ya neva ya Novichok imepakwa kwenye kitasa cha mlango wa Sergei Skripal, jasusi wa zamani wa Urusi aliyewageukia Waingereza, yeye na binti yake wakapona, ila chupa ya manukato iliyotumika kuibebea ikaja kumuua mama mmoja asiyehusika kabisa, Dawn Sturgess, miezi minne baadaye. Wanaume wawili walioshukiwa wakatokea kwenye televisheni ya Urusi wakasema wao ni watalii walienda kuona kanisa, mnara wake una mita 123. Mtu katoka Moscow, kaenda Salisbury siku mbili mfululizo kuona mnara. Baadaye wakatambuliwa ni maofisa wa GRU, ujasusi wa jeshi. Tangu siku hiyo mjomba mtu akichelewa kurudi nyumbani anamuuliza mnara ulikuwa na mita ngapi.

Ila ukiniuliza ipi uanze nayo, BAISKELI BERLIN. Agosti 2019 mchana kweupe kwenye bustani, jamaa kwenye baiskeli anamfuata Zelimkhan Khangoshvili, raia wa Georgia mwenye asili ya Chechnya aliyewahi kupigana na Warusi, anampiga risasi kwa bastola yenye kizuia sauti, anaenda mtoni anatupa baiskeli, bastola na nywele za bandia. Vijana wawili wanamwona, polisi wanamdaka. Pasipoti yake ina jina la Vadim Sokolov, kumbe ni Vadim Krasikov. Urusi: hatuhusiki, madai hayana msingi. Desemba 2021 mahakama ya Berlin inampa kifungo cha maisha na inasema wazi dola ya Urusi ndiyo iliyoagiza. Urusi: hukumu ya kisiasa. Haya, Agosti 1, 2024 yanafanyika mabadilishano makubwa ya wafungwa, Krasikov anashuka ndege Moscow, na nani anamsubiri chini? Putin, anamkumbatia. Kesho yake msemaji wa Kremlin anasema tu kawaida kwamba ndiyo, huyu ni mtu wa FSB. Miaka mitano ya kukana imeisha kwa kumbatio moja na hakuna aliyeona haya. Mtafsiri mwenyewe hapo alinyamaza, nadhani ndiyo sekunde pekee za ukimya kwenye makala zote 14.

Malalamiko makubwa, na hili si la muuzaji tu ni la waliotengeneza hizo makala pia: Afrika hamna. Makala 14, zote ni baridi na makoti marefu. Sisi hapa Kigoma tumezoea watu waliokimbia makwao, ziwa ndilo hilo, Kibirizi maboti yanaingia, halafu nauziwa folda ambayo utadhani kufuatwa ukimbizini ni mambo ya Wazungu. Seth Sendashonga aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Rwanda alipigwa risasi Nairobi Mei 1998, na mara ya kwanza alijeruhiwa 1996, siku hiyo mtumishi wa ubalozi wa Rwanda alikamatwa na bunduki, Kigali ikakataa kumwondolea kinga na Kenya ikaufunga ubalozi. Patrick Karegeya, aliyewahi kuwa mkuu wa ujasusi wa nje wa nchi hiyohiyo, alinyongwa chumba cha hoteli Johannesburg, akakutwa siku ya mwaka mpya 2014, mlangoni kibao cha usinisumbue. Rwanda ikakana na inakana mpaka kesho, ila rais wake baadaye akasema hadharani si sisi, lakini ninatamani ingekuwa sisi. Hiyo peke yake si ingetosha makala? Ile sauti nzito ya mtafsiri ingepata kazi.

Na mjomba akaongeza la kwake. Yeye alikuwa darasa la nne, Februari 3, 1969, redio ikasema Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, ameuawa hapahapa nchini, Dar es Salaam, kwa kifurushi kilichofika kama kitabu. Anasema mwalimu wao alizima redio akaondoka darasani hakurudi siku hiyo. Vidole vingi viliielekea PIDE, polisi wa siri wa Ureno ya kidikteta. Na Ruth First, mpinzani wa makaburu, aliuawa Agosti 1982 kwa kifurushi vilevile, ofisini kwake Maputo, kwenye chuo kikuu chenye jina la Mondlane huyohuyo. Pretoria nayo haikusema kitu, mpaka utawala ulipoanguka ndio Craig Williamson wa polisi ya makaburu akaenda mbele ya tume ya ukweli akakiri, mwaka 2000 akapewa msamaha. Mjomba anasema alikuwa anaogopa kufungua barua zenye stempu za nje mpaka amekuwa mtu mzima, na hili mimi sikulijua, miaka yote nakaa naye.

Kwa hiyo alama: mafaili saba kwa kumi, mtafsiri tisa, bei sita maana bado nasema ilikuwa elfu saba, huduma baada ya kununua mbili na hizo mbili ni za kijana wa zamu aliyenikaribisha muhogo. Ukienda beba flashi yako, ya kwake ya GB 32 anakuuzia elfu kumi na tano na nimeiona elfu kumi na mbili mtaa wa pili. Nenda asubuhi kabla umeme haujaanza visa, na kila faili lisogeze mpaka mwisho mbele ya macho yake kabla hujalipa. Anafungua saa mbili, Ijumaa mchana anafunga.

Mimi Jumamosi naenda kufuata faili langu la Istanbul. Nimeshaongea na bodaboda, nabeba na tivii.